Sauti Aliyompa Msaliti

Mtaani walimwita Mdomo, na jina lilimkaa. Kazi yake ilikuwa kutafsiri filamu za kigeni kwenye banda la video. Picha ikienda, yeye kashika maikrofoni, anawatilia maneno watu ambao lugha yao anaijua nusunusu. Asipoelewa, anatunga. Hakuna aliyelalamika, maana uongo wake ulikuwa mtamu kuliko filamu yenyewe.

Ikaja filamu ya majasusi. Mabenchi yamejaa pomoni, na kwenye pazia msaliti anayeuza siri za nchi anafichuliwa: ni waziri, mzalendo wa kujipiga kifua. Hapo Mdomo alielewa kila neno, na akaogopa. Kumsema waziri, hata wa kwenye filamu, ni kujitafutia balaa. Mgeni je? Mgeni hana wa kumtetea. Basi akamgeuza waziri kuwa mgeni, na sauti akampa ya fundi redio wa ng'ambo ya barabara, mzee aliyevuka mpaka miaka thelathini iliyopita na bado anavuta maneno.

Watu walicheka wakashika mbavu. Naye kwa kunogewa akaongeza, "Mgeni mpe kiti, jamani, atauza nyumba!" Banda zima likapiga makofi.

Haikupita wiki, watoto wakaanza kumwita fundi Jasusi. Wakubwa nao wakadakia: redio zote zile, anaongea na nani? Wateja wakapungua mmoja mmoja.

"Yule mzee ndiye aliyekesha na mwanetu hospitali, wewe uko safarini," mke wa Mdomo alimwambia. "Leo umemfanyia nini?"

"Ulikuwa utani tu, mama."

"Utani gani huo, mwenyewe hacheki?"

 

Kisha maikrofoni ikafa. Fundi mwingine hakuwepo, ikabidi Mdomo avuke barabara, uso kauinamisha, maneno ya kuomba radhi ameyapanga kichwani.

"Shikamoo, mzee."

Fundi aliitikia kwa kichwa. Mama mmoja akauliza pasi yake itakuwa tayari lini. Fundi akainua vidole viwili. Siku mbili. Ndipo Mdomo alipotambua kwamba mzee ameacha kusema mbele za watu. Aibu ikamshika mpaka masikio yakawaka.

Fundi alichomelea waya, akafuta vumbi. Zamani angejaribu mwenyewe, "Haloo, haloo," kwa ile sauti yake ya kuvuta, kisha acheke. Safari hii aliwasha spika iliyoelekea barabarani, akamkabidhi Mdomo maikrofoni.

"Jaribu wewe," alisema polepole, kila neno kalikata fupi.

Mtaa mzima ungesikia. "Yule msaliti alikuwa waziri": maneno manne tu, na alikuwa nayo mdomoni. Kijiweni watu wakageuka kumtazama.

"Moja, mbili," akasema Mdomo. "Inafanya kazi, mzee. Asante."