Maziwa Yasiyo na Utando

Hosiana wa Njombe alikuwa na ng'ombe wawili, kipimajoto kimoja na maneno mengi. Kipimajoto alikipata kwenye semina ya wafugaji. Maneno alizaliwa nayo. Siku hiyo alishuka Makambako na ndoo ya maziwa. Mumewe Manase alishasema: mnunuzi wa maziwa akikosekana wiki hii, Subira anauzwa. Na Subira ndiye ng'ombe anayemwitikia akimwita.

Mzee Abdulaziz, mwenye mgahawa karibu na stendi, alichungulia kikombe.

"Mama Sila, mbona hayana utando? Umetia maji!"

"Maji? Mimi? Haki ya Mungu, hata tone! Haya yamepasteurishwa."

"Yamefanywaje?"

Hapo angejibu kwa kifupi, lakini Hosiana na ufupi wapi na wapi! Akaeleza kwamba unayapasha moto hadi nyuzi sitini na tatu, unayashikilia hapo nusu saa bila kuyachemsha, halafu unayapoza upesi. Vijidudu vinakufa, ladha inabaki. Na neno lenyewe limetokana na jina la mtu, Pasteur, Mfaransa.

"Wala hakuanza na maziwa, mzee wangu! Alikuwa anapasha mvinyo, usiharibike!"

Kikombe kikarudi mezani.

"Astaghfirullah! Mambo ya pombe unaniletea mimi?"

Jamani, ulimi huu! Hosiana alimwona Subira kabisa, anapakiwa kwenye fuso. Machozi yakamlengalenga.

Salha, mke wa mzee, akatoka jikoni akifuta mikono. "Kwani humu mna mvinyo?"

"Hamna, dada. Moto tu."

"Moto hata sisi tunao." Salha akanywa kikombe chote, akalamba midomo. "Baba Luqmani, haya ndiyo maziwa. Alete kila siku."

Mzee alinung'unika weee, mwisho akakubali. Hosiana nusura amkumbatie Salha.

Kisha akamwona mzee anamimina maziwa yote kwenye sufuria, anachochea mkaa. Maziwa yakachemka, yakapanda, yakafurika hadi kwenye jiko. Nusu saa nzima alfajiri Hosiana ameyainamia na kipimajoto, asithubutu hata kupiga chafya!

"Mzee, unafanya nini?"

"Natafuta utando wangu."

Hosiana akafungua mdomo aanze upya, kuanzia kwa yule Mfaransa. Akamkumbuka Subira. Akaufunga, akachukua ndoo yake tupu, akaaga.