Alama ya Kidole kwenye Kioo Chekundu

Kwa muda mrefu watu wa mtaa wa Kambarage, Shinyanga, walidhani Mama Denis anafuga kuku juu ya paa la zege la nyumba yake. Kibanda cha mabati, paa linasogea, na mwenyewe anakipanda kila asubuhi amejifunga kitambaa kibichi kichwani; sasa wewe ungedhani nini? Jirani yake Asteria alifikia hata kuagiza mayai. Lukresia, maana ndilo jina la Mama Denis, alicheka mpaka akakaa chini, kisha akamweleza kwamba humo ndani kuna darubini ya mwanawe yenye kamera, inapiga picha nyota. Asteria akasema haya, akaenda kununua mayai dukani.

Denis huyo yuko chuoni Uholanzi, mwaka wa nne sasa. Nyota anayoichunguza inaonekana vizuri Shinyanga kuliko huko kwenye mawingu, ndiyo maana alipokuja likizo alijenga kibanda, akaunganisha nyaya na intaneti, na darubini anaiendesha akiwa huko huko. Kazi moja tu intaneti haiiwezi, nayo ni kutoa vumbi. Mbele ya kamera kuna gurudumu dogo lenye vioo vitano vya rangi, vichujio, kila kimoja kinapitisha mwanga wa rangi yake na kuuzuia mwingine. Punje ya vumbi ikitua hapo, picha inatoka na pete nyeusi. Na vumbi la Shinyanga unalijua, halibishi hodi.

Kazi hiyo alimpa mama, wala hakukosea. Lukresia alichambua almasi huko machimbo ya Maganzo miaka ishirini na sita, kwenye meza ya tajiri mmoja aitwaye Mageni, na aliyemfunda ni mzee Mayala, mtu wa makofi ya karibu. Almasi inapenda mafuta. Ukiishika kwa vidole, mafuta ya ngozi yanaganda juu yake, vumbi linafuata, na jiwe la maana linaonekana kipande cha chupa. Mayala akiona kidole kimesogelea jiwe, pa! "Hicho kidole kamegee ugali!" Baada ya mwaka mmoja Lukresia hakuhitaji tena kofi. Mkono wenyewe ulikataa.

Kwa hiyo vichujio havikumsumbua. Anamwaga maji sakafuni kwanza, vumbi litulie. Ananawa, anakausha mikono. Anatoa kioo kwa kibano, amekishika ukingoni, anakimulika tochi kwa ubavu na kukipuliza kwa kipira cha kubonyeza, si kwa mdomo, maana mate yanaruka. Mara nyingi hapo panatosha. Punje kaidi ndiyo inapewa karatasi laini yenye tone la spiriti, inapitishwa mara moja tu, karatasi inatupwa. Upindo wa kanga haukaribii kabisa.

Kilichomfanya aipende kazi hiyo ni simu. Pete zikionekana, Denis anapiga. "Mayu, kijani kina pete mbili," anaanza hivyo hivyo, hata salamu hamna. Mayu ni mama kwa Kisukuma, na kwa Lukresia neno hilo peke yake lilitosha kumpandisha ngazi mbio. Anawasha video, wanasafisha pamoja, na kazi ya dakika kumi inakuwa saa nzima. Anasimuliwa baiskeli iliyoibwa, mkate mgumu, mwalimu asiyecheka. Akishuka, hata uji wa jana anaunywa kwa raha.

Kisha akajiharibia mwenyewe kwa bidii yake. Mwezi wa tano alikata mpira wa ndani wa baiskeli, akaziba kila mwanya wa kibanda. Vumbi likakoma. Wa sita ukapita, wa saba ukapita. "Picha safi mayu, asante," ndiyo meseji aliyokuwa anapata, na chini yake kidole gumba cha njano.

Alikuwa mpweke, tusizungukezunguke. Mumewe alishafariki. Alikuwa akipika kikombe kimoja cha mchele na nusu inabaki. Asteria akiuliza, "Denis hajambo?" anajibu, "Hajambo, jana tu tumeongea," kisha anaingia ndani haraka. Utasema si angepiga yeye? Thubutu! Kwao mtoto ndiye anayemtafuta mzazi, amwamkie. Mzazi akianza kupiga, ujue kuna msiba, au chakula kimekwisha. Lukresia hakutaka kuonekana ombaomba kwa mtoto wake mwenyewe.

Asubuhi moja ya mwezi wa nane alitoa kichujio cha kijani. Hakikuwa na hata punje. Akakitazama, kisha akakibandika kidole gumba, pembeni kabisa.

Kesho yake simu ikaita.

"Mayu, kijani kina doa!" Jamani, alivaa hereni ndipo akawasha video. "Ni vumbi la pamba, baba, si unajua msimu huu," alidanganya, akafuta, doa likatoka, wakaongea mpaka simu ikapata moto. Mwezi wa tisa akarudia mara mbili. Aliona aibu kila mara, na kila mara simu ilipoita aibu ilikwisha.

Mwezi wa kumi akabandika kidole kwenye chekundu. Siku ya kwanza simu haikuita. Ya pili, kimya. Denis alikuwa safarini na wenzake, picha hakuzifungua, na mama hakujua. Angeweza kupanda akafuta. Hakufuta, akingoja. Siku ya kumi ikaita.

"Mayu." Sauti haikuwa ile. "Ile nyota imewaka nikiwa safarini. Miaka minne naisubiri. Na chekundu kina doa siku zote tisa, katikati ya nyota yenyewe."

Lukresia alipanda, akapitisha spiriti mara moja, mara mbili, mara tano. Mafuta yalishaula utando wa rangi juu ya kioo. "Nipigie picha, tochi kwa ubavu," Denis akasema, naye akapiga, akatuma, maana alizoea kumtii kwa mambo ya kibanda.

Denis akaikuza picha. Mistari ya kidole ilionekana yote, na katikati kovu la mundu alilolipata akiwa msichana, kovu ambalo Denis alikuwa akilichezea utotoni.

"Ni kidole chako, mayu."

"Bahati mbaya, mwanangu."

"Wewe? Wewe huwezi kugusa kioo kwa bahati mbaya."

Hapo uongo ukamwishia. "Nilitaka upige," akasema.

Denis akasema ana kipindi. Akakata.

Wiki ikapita, na nyingine. Hata kidole cha njano hakikuja. Lukresia hakulala vizuri. Alizihesabu zile siku tisa za picha alizomharibia mtoto, akajiambia sasa ndiyo amemkosa kabisa, na amemkosa kwa mkono wake. Jumapili, wakitoka misa, Asteria akauliza kama kawaida. "Hajapiga," alijibu, na machozi yakamtoka hapo hapo barabarani.

"Si umpigie?"

"Mzazi hapigi."

"Ebo! Na hiyo simu umenunuliwa ya kufunikia sufuria?"

Alipanda kibandani na gauni lake la kanisani. Akamwaga maji sakafuni, akanawa, akatoa cha kijani kwa kibano. Kisafi. Kidole gumba kilikuwa hapo hapo, karibu. Akakirudisha kioo kwenye gurudumu lake, akafunga, akachukua simu na kupiga yeye.

"Mayu? Nini kimeharibika?"

"Hakijaharibika kitu. Vioo sijavigusa." "Nimepiga mimi. Nimekukumbuka, baba, basi."

Huko upande wa pili mlango ulifungwa, kiti kikavutwa. Lukresia akajiandaa kuambiwa kuna kipindi.

"Shikamoo, mayu," alisema Denis.

"Marahaba, mwanangu."

Akakaa chini, kwenye maji aliyoyamwaga mwenyewe, na gauni lake la kanisani, wala hakuinuka mpaka chaji ilipokwisha.