Mrija wa Kwanza Jangwani

Fundi cherehani wa Mugoma hupima kitambaa kwa shubiri, hukata, wala harudii kupima. Siku alipotimiza miaka sabini aliwaita ndugu na marafiki kwenye kilima kikavu kinachoitwa Jangwa, akaapa kukipanda kwa miguu na lile goti lake bovu. Mtungi wa pombe ya ndizi ulitangulia kileleni, lakini hakuna atiaye mrija kabla ya mwenye sherehe.

"Bibi, panda pikipiki, tumekauka huku!" mjukuu wake Jovina alimpigia kelele kutoka juu.

"Kaukeni tu! Sabini ni zangu au zenu?"

Alisimama mara nne, akalisugua goti kwa vidole vyenye sugu za mkasi, akaendelea. Alipofika aliuinamia mtungi, akavuta mrija taratibu kabisa, huku umati mzima ukipiga vigelegele na kumeza mate.