Mgeni Hamimini

Mimi napondea watu majani ya tereré, kinywaji chetu cha majani na maji ya barafu, kwenye kona ya mtaa wetu hapa Asunción, Paraguay, na mlango wa chama cha kutetea haki za mashoga, wasagaji na wenzao uko hatua tatu tu kutoka kinu changu. Kwa hiyo nasikia yote. Asiyetaka kusikika na afunge dirisha.

Estelvina ni mteja wangu mwaka wa kumi na moja sasa. Alipozaliwa walimdhania mvulana, wakampa jina la kiume. Jina hilo sijawahi kuliuliza, na mimi kwa udaku sijambo. Anashona magauni ya harusi, na kila Jumamosi hununua kwangu mnanaa wa kutia kwenye maji ya barafu, aende kuwamiminia wenzake tereré mkutanoni. Pembe moja ya kunywea, mrija mmoja, watu ishirini, na mkono wa kumimina mmoja: wake.

Nilichoshindwa kuelewa ni hiki: mbona humo ndani hapigi kura?

"Kwenye daftari la wanachama wanataka jina la kitambulisho," aliniambia. "Langu hawaliandiki."

"Na kibao cha mlangoni, kile cha LGBT, si kina herufi yenu, T?"

"Herufi haipigi kura, Ña Brígida. Wewe ponda."

Jumamosi ya uchaguzi wa chama jua lilikuwa la kukaanga yai barabarani. Nikajifanya napeleka majani ndani. Nani angebaki nje? Namkuta Estelvina amekaa kitini kama wengine, pembe kavu mapajani, chupa ya barafu miguuni. Hamimini. Na kwetu hakuna anayempokonya mmiminaji pembe yake.

"Estelvina, dada yangu, koo zimekauka," akasema Don Gualberto, mwenyekiti, wakili asiyevua tai hata Januari.

"Mimi si mwanachama, Don. Mgeni hamimini, humiminiwa."

"Hayo ni mambo ya katiba, unajua."

"Najua. Basi mimina."

Akamkabidhi pembe. Loo! Wakili akajaza maji hadi yakamfurikia suruali, akakoroga kwa mrija, mrija ukaziba kwa majani. Akavuta mpaka mashavu yakakutana.

Ña Perla, seremala, mkongwe wa chama, akacheka hadi akakohoa. "Gualberto, mwanangu, hiyo katiba si tuliitunga wenyewe jikoni kwangu? Nani alitutuma tuandike habari ya kitambulisho? Mwandike mwenzetu, nipate maji kabla sijafa!"

Mikono ikanyooshwa. Kumi na minne. Waliobaki wakatazama viatu vyao.

Katibu akaandika "Estelvina" daftarini, tena kwa penseli. Estelvina akaitazama ile penseli, kisha akanigeukia mimi. Kalamu yangu ya wino hukaa sikioni. Nikampa. Akapita juu ya jina lake polepole, kama anayetarizi.

Ndipo akazibua mrija, akamimina, akanywa wa kwanza, maana mmiminaji ndiye huonja. Akafuata Ña Perla. Don Gualberto, suruali imelowa, akangoja zamu yake.