Kufilisika Hakuvunji Mkataba wa Nyumba

Nakumbuka asubuhi moja pale Masumbwe, baba yenu aliporudi kutoka machimboni akakaa mlangoni bila kuvua buti. Duara lake, lile shimo la dhahabu tulilolilisha kwa akiba yetu yote, lilikuwa limejaa maji na kuta zimeporomoka. "Mama Kulwa, tumefilisika," akasema. Nikampa uji, hakuugusa.

Wewe na pacha wako mlikuwa mnanyonya, Doto, huwezi kukumbuka. Tulipanga vyumba viwili kwa mkataba wa mwaka, na mwaka wenyewe ulikuwa haujafika hata nusu.

Baba yenu aliwaza kichimbaji. Kule machimboni, mwanangu, duara likifa, makubaliano yamekufa nalo: mwenye shimo, wachimbaji, hata aliyetoa chakula, kila mtu anakung'uta nguo zake na kwenda zake. Akadhani na nyumba ni hivyo hivyo. Tufunge kufuli, akasema, twende kwa mama yake Shinyanga, vyombo tutavifuata tukipata, kwa sababu mtu aliyefilisika hana mkataba. Na katika vyombo hivyo ilikuwemo cherehani yangu. Kwa cherehani yangu sikuwa na mzaha hata kidogo, maana ndiyo iliyobaki ya kuwalisha nyinyi.

Basi nikawabeba, mmoja mgongoni mmoja kifuani, nikaenda kwa mwenye nyumba, mzee wa Kisukuma, mfugaji, mkali lakini si mbaya. Nikapiga goti.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, Mama Kulwa. Kuna nini asubuhi hii?"

Nikamweleza yote, hata lile wazo la kufuli.

"Duara ni lenu, nyumba ni yangu," akasema. "Mkifunga kufuli siwezi kumpangisha mwingine, na kodi nitawadai nyinyi. Mkinikabidhi ufunguo, natafuta mpangaji mwingine, na hesabu yenu inasimama hapo. Mtalipa miezi mliyokaa na mwezi mmoja wa notisi, basi."

"Na huku kufilisika kwetu, baba?"

"Huko ni kuishiwa tu, binti yangu. Ufilisi wa kisheria unatangazwa na mahakama, na wanaodai nao wanasikilizwa. Hakuna anayefilisika kwa kufunga kufuli."

Baba yenu alinuna. Hela haikumuuma kama aibu, kwani kukabidhi ufunguo mchana, majirani wakitazama, ni kutangaza kwamba yule bosi wa duara kaishiwa. Akaniambia nimemvua nguo. Niliumia, sikufichi. Lakini mwishowe tulikwenda pamoja, tukaandikishana mbele ya mjumbe wa nyumba kumi, tukaondoka na cherehani yetu kwenye mkokoteni. Deni lililobaki nililishona, sare za shule na magauni ya ubatizo, mpaka likaisha. Baba yenu ndiye aliyepeleka pesa ya mwisho, na alirudi anapiga mluzi.

Sasa wewe umefika hapa Ibadakuli jana, unasema umekuja kunisalimia. Mkeo amenipigia simu analia. Duka lako la simu huko Geita limekufa, na nyumba mliyopanga umeifunga kufuli, ukamwambia mambo yameisha. Hayajaisha. Rudi usome mkataba wako, uone umesemaje juu ya kuuvunja na notisi ni ya muda gani. Mwambie mwenye nyumba ukweli kabla hajausikia kwa watu. Mkabidhi ufunguo kwa maandishi, na ukiweza umtafutie mpangaji mwingine. Kama madeni yamekushinda kabisa, muone mwanasheria akueleze habari za mahakama, usijitangazie ufilisi mwenyewe. Na mkeo mwende wote, asibaki nje anauliza vitu vyake viko wapi.

Mungu akufungulie riziki nyingine, mwanangu, akupe uso wa kupita Geita mchana bila kuinama. Nauli nimeiweka hapo mezani.