Sifuri ya Mbele

Zilpah Akeyo alipiga chapa barua za watu kwa miaka kumi na minane kabla hajawa mwalimu wa kompyuta katika chuo kidogo mjini Homa Bay. Kuandika programu alijifundisha mwenyewe kwa kitabu cha kuazima, akiwa na umri wa miaka arobaini na mitatu.

Mwaka wa 1999 aliona wanafunzi wake wanavyotaabika kugeuza namba za kawaida ziwe za mfumo wa kompyuta, ule wa sifuri na moja tu. Akawatengenezea ukurasa mdogo uliofunguka kwenye kivinjari hata bila intaneti, maana chuoni haikuwepo. Unaandika namba, unabonyeza, jibu hilo hapo. Chini yake akaweka kisanduku cha kukagua kama mabano yote ya programu yako yamefungwa.

"Chukueni, ni wa bure," aliwaambia. "Mwenye disketi anakili, ampe na mwenzake."

Disketi zikafika Kosele, Sindo, hata Migori.

Mwezi Juni ikaja barua kutoka kwa Nchagwa, mwalimu wa Migori ambaye hawakuwa wamewahi kuonana naye. "Mwalimu, hebu andika 010."

Zilpah akaandika. Jibu lilipaswa kuwa 1010, yaani kumi. Ukurasa ukatoa 1000, yaani nane. Alirudia mara tatu, jibu likawa lile lile. Kumbe kivinjari kikiona sifuri mbele kilihesabu kwa mafungu ya manane badala ya makumi, kikaisoma 010 kuwa nane! Kukiamuru kihesabu kwa makumi hakukuchukua hata dakika mbili. Lakini zile disketi?

"Madam, wachana nazo," alisema Mourine, mwanafunzi wake. "Nani huanza namba na sifuri?"

"Aliyeniandikia barua," Zilpah alijibu.

Jumamosi tatu mfululizo alisafiri. Kosele alipata disketi mbili, akazirekebisha. Sindo alimkuta Joash, karani wa ofisi ya samaki aliyekuwa akijifunza programu peke yake.

"Hiyo kasoro niliiona kitambo," Joash alisema. "Nikadhani mimi ndiye sijui hesabu. Nikaacha kujifunza."

Maneno hayo yalimchoma Zilpah kuliko barua. Alivuta kiti, wakakaa pamoja mpaka Joash akageuza namba ishirini kwa mkono wake, bila kukosea hata moja.

Migori alikwenda akiwa na wasiwasi. Nchagwa alimpokea kwa mikono miwili, akamketisha mbele ya kompyuta. Zilpah akarekebisha ile kasoro, ndipo akaona kuwa wanafunzi wa Nchagwa walikuwa wameongeza kisanduku cha tatu, cha kugeuza herufi ziwe namba.

"Hatukuomba ruhusa, Mwalimu," Nchagwa alisema.

"Ruhusa ya nini? Niandikieni majina yao."

Waliandika majina chini ya ukurasa, la Nchagwa likiwa la kwanza kwa ajili ya ile barua yake. Kisha Zilpah akatoa disketi tupu mkobani, akanakili ukurasa wenye visanduku vitatu ili awapelekee wanafunzi wa Homa Bay.