Shangazi alipanua tundu la chuchu ya chupa, mwanangu akaishia kukatwa kimeo

Wakuu, salaam kwenu. Leo nimekuja na hasira zangu, mnivumilie. Haya yametokea ndani ya nyumba yangu hapa Kibamba na sijaongeza chumvi. Asiyeamini apite tu, sina nguvu za kubishana.

Mie ni fundi wa madirisha ya alumini. Mke wangu kaajiriwa kwenye duka la vifaa vya umeme, Ubungo. Likizo yake ya uzazi ilipoisha, mtoto wetu Rahim shingo ndo kwanza inakaza. Ikabidi mama yake awe anakamua maziwa, anaacha kwenye friji, mtoto anapewa kwa chupa.

Mwanzo ilikuwa vita. Dogo akiona chupa anajikunja, analia mpaka sauti inakauka.

Nesi wa kliniki ndiye aliyenielekeza. Usimlaze chali, mpakate kichwa kiwe juu. Mgusishe chuchu mdomoni, subiri afungue mwenyewe. Chupa uilaze kidogo maziwa yasimjie kwa kasi. Akichoka mpumzishe, mcheulishe, muendelee. Hakuna haraka.

Nikaacha kazi za asubuhi kwa muda, nikawa nakaa naye kibarazani. Taratibu akazoea. Ananyonya huku ananitazama, kamkono kamekamata kidole changu. Majirani walikuwa wananichekaga, eti baba Rahim siku hizi unanyonyesha. Mie roho yangu ilikuwa nyeupe kabisa.

Kazi zikaniita, nikapata tenda Kigamboni. Dada yangu mkubwa, Mwajuma, akaja kutoka Lindi kutusaidia. Tulimpokea kwa furaha. Nikamuonyesha mtoto anavyolishwa, akacheka sana.

"We Saidi, mie nimelea watoto wangu wote, leo unanifundisha kulisha? Na huyu mwanao ananyonya kama mzee anayekunywa kahawa."

Nikacheka na mie. Dada ni dada.

Asubuhi na jioni mtoto alikuwa ananyonya kwa mama yake, mchana ndo chupa kwa shangazi. Haikupita muda tukaanza kusikia anapaliwa. Akipewa chupa anakohoa, maziwa yanamtoka puani, anatapika. Tukirudi tunakuta kifua kinakoroma.

Dada akatoa hukumu: mtoto ana kimeo. Yaani kile kinyama kinachoning'inia kooni kimerefuka, kikatwe. Watu wa kwetu mtoto akikohoa tu basi ni kimeo.

Nilikataa mbele ya mke wangu. Nikasema mwanangu hakatwi kitu, Jumamosi tunampeleka hospitali. Dada akajibu, "Haya baba, mtoto ni wako." Nikajua yameisha.

Ijumaa jioni narudi, nakuta mtoto kafungwa kwenye kanga, halii. Mate yake yana damu. Dada anakunja nguo, katulia kabisa.

"Nimempeleka Temeke kwa mzee mmoja, kashamtoa. Nyie mmezubaa mno."

Niliona giza wakuu. Nilimpigia kelele dada yangu, maneno ambayo sijawahi kumwambia mtu. Mama Rahim alipofika alikaa pale mlangoni, akashindwa hata kuvua viatu.

Tukakimbilia hospitali, akalazwa. Kidonda kikapata maambukizi, kukawa na siku tulikuwa tunamuangalia tu kama anapumua.

Daktari akaomba aione chupa tunayotumia. Akaigeuza chini juu. Badala ya maziwa kudondoka tone tone, yakatiririka kama bomba limefunguliwa. Akauliza nani kapanua hili tundu.

Dada, ambaye ndiye aliyetuletea hiyo chupa hospitali, wala hakuficha. "Mie. Nilichoma sindano kwenye moto nikaliongeza. Alikuwa anachelewa, na mie nina kazi za ndani."

Daktari akavuta pumzi. Akasema mtoto alikuwa anamwagiwa maziwa mengi kuliko anavyoweza kumeza, ndo maana alikuwa anapaliwa. Koo lake halikuwa na shida yoyote.

Rahim kapona, Mungu ni mwema. Ila chupa hataki tena. Ukimgusisha kitu chochote mdomoni anageuza uso na kutetemeka. Mama yake kaacha kazi, anamnyonyesha kwa kumbembeleza. Mie nikimpakata kumlisha kwa kikombe analia, na hilo ndilo linaniuma kuliko yote, maana mikono yangu alikuwa anaijua.

Dada karudi Lindi. Kwenye grupu la familia anasema tangu mtoto akatwe hajapaliwa tena. Atapaliwaje wakati chupa hanyonyi? Wazee wanaitikia, na mie ndo nimeambiwa niombe radhi kwa kumfokea mkubwa wangu.

Juzi mke wa binamu yangu kaandika humo kuwa kichanga chake kinakohoa kikinywa chupa. Dada kamuelekeza kwa yule mzee, kaongeza, "Muulizeni Saidi, wa kwake alipona."

Nikaandika maelezo marefu: geuzeni chupa kwanza, mtazame maziwa yanavyodondoka, kateni haraka zenu na sio mtoto. Nikampigia binamu mwenyewe.

"Braza, tumesharudi kutoka huko. Amelala."

Wakuu, wenye watoto wa chupa kaziangalieni hizo chuchu leo, hasa kama analishwa na mtu mwingine. Na aliyewahi kumrudisha mtoto kwenye chupa baada ya kuiogopa aniambie alifanyaje. Wa kunishauri nikaombe radhi, huyo asijisumbue kuandika.